Tarakilishi Haitufikirii

Mvuke wa Olkaria umetupa umeme tangu mwaka 1981. Huko Menengai, uchimbaji wa visima ulianza mwaka 2011. Uhai wa visima hivyo hukadiriwa kwa programu kama TOUGH2, iliyoandikwa Marekani kwa lugha ya Fortran.

Nikisomea uzamili, niliwahi kumkabidhi mhadhiri jibu lililoonyesha mwamba wa moto ukiwa baridi kuliko barafu. Nilikuwa nimechagua hatua ndefu mno za muda, nikabonyeza, nikaamini. Kosa hilo nililielewa tu nilipoiandika hesabu ile mwenyewe, mstari kwa mstari.

Ndugu msomaji, mhandisi anayejua kubonyeza pekee atalitambuaje jibu la uongo kabla fedha za umma hazijazama kisimani? Vyuo vyetu viwafunze vijana kuandika programu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.