Uwiano wa Oili na Petroli katika Msumeno wa Mnyororo: Mfano wa Kasigau, Taita Taveta

Utangulizi

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa wito wa subira na akiba, lakini ndani yake mna jambo jingine: Waswahili walikuwa na vipimo vilivyofahamika na kila mtu. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Anayejua kwamba pishi ina vibaba vinne tayari anaujua uwiano, hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe darasani.

Makala haya yananuia kufafanua uwiano mmoja ambao kukosewa kwake humgharimu mtu riziki yake, nao ni ule wa oili na petroli katika msumeno wa mnyororo. Mahali panaporejelewa ni Kasigau, kata iliyo chini ya mlima wa jina hilo, kusini-mashariki mwa mji wa Voi katika Kaunti ya Taita Taveta. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba uwiano ni taarifa, na taarifa pungufu huiharibu injini sawasawa na oili mbovu.

Jina la Chombo

Nchini Kenya chombo hiki huitwa pawasoo, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Katika baadhi ya taarifa za habari husikika pia "msumeno wa umeme", ingawa misumeno inayopasua mbao mashambani kwa kawaida hutumia petroli. Hata hivyo, kosa hilo lina chembe ya historia. Msumeno wa kwanza wa Andreas Stihl nchini Ujerumani, wa mwaka 1926, uliendeshwa kwa umeme. Ule wa petroli ulifuata mwaka 1929. Katika makala haya istilahi inayotumiwa ni msumeno wa mnyororo, kwa kuwa inataja kinachokata bila kudai kujua kinachoiendesha mashine.

Katika Kasigau chombo hiki kina uzito wa pekee. Eneo hili ni nyika kavu yenye migunga na miti mingine migumu, na sehemu kubwa ya misitu yake imo katika mradi wa kaboni wa Ukanda wa Kasigau, ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kutoa hati za kaboni chini ya kiwango cha VCS. Ukataji wa miti hapa una masharti, na anayemiliki msumeno kihalali huutumia kwa kazi maalumu: kupasua mbao za miti aliyoipanda shambani, kupogoa, au kuondoa shina lililoangukia njia. Kazi hizi ni za hapa na pale. Mapato yake si ya kila siku, na pistoni moja ikiungua huenda ikameza malipo ya kazi kadhaa zilizotangulia.

Kwa Nini Oili Huchanganywa na Petroli

Injini ya gari huwa na hodhi ya oili upande wa chini. Oili huzunguka humo, hulainisha vyuma, kisha hurudi. Injini ya msumeno, ambayo ni ya mipigo miwili, haina hodhi hiyo. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza katika chumba cha mtaimbo kombo, chini ya pistoni, kabla ya kupanda juu kuchomwa. Kwa hiyo njia ya pekee ya kufikisha oili kwenye beringi, pistoni na ukuta wa silinda ni kuitia ndani ya petroli yenyewe. Oili hiyo hulainisha mara moja tu, kisha huungua na kutoka kwa ekzosi.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, petroli tupu ikitiwa, injini hukosa ulainishaji kabisa, na dakika chache za kazi nzito hutosha kuikwangua silinda. Pili, oili ifaayo ni ile iliyoundwa ili iungue vizuri. Oili ya bodaboda haikuundwa hivyo. Pikipiki nyingi za siku hizi ni za mipigo minne, na oili yake imekusudiwa kukaa ndani ya injini. Ikichomwa katika msumeno, huacha majivu na masizi kwenye plagi na kwenye tundu la ekzosi.

Ni muhimu pia kutofautisha matangi mawili ya msumeno. Moja ni la mafuta yaliyochanganywa. Jingine ni la oili ya mnyororo, ambayo hulainisha upanga na meno na haichanganywi na chochote. Neno "oili" likitajwa bila kifafanuzi, msikilizaji hajui ni tangi lipi linalozungumziwa.

Kuchagua Oili

Maandishi yaliyo kwenye chupa ndiyo mwongozo wa kwanza. Alama ya API TC ni ya daraja la Marekani la oili za mipigo miwili. Japani ina madaraja ya JASO: FB, FC na FD. FC hutoa moshi mchache kuliko FB, na FD huongeza uwezo wa kusafisha pistoni katika joto kali. Madaraja ya kimataifa ya ISO yanayokaribiana na hayo ni EGB, EGC na EGD. Kwa msumeno unaofanya kazi katika joto la nyika, FD au EGD ni chaguo la busara, mradi mwongozo wa mashine uruhusu.

Alama moja yahitaji tahadhari, hasa kwa sababu Taita Taveta i karibu na pwani. Nayo ni TC-W3. Hii ni oili ya mipigo miwili, lakini imeundwa kwa ajili ya mashine za maboti zinazopozwa kwa maji. Msumeno hupozwa kwa hewa, na silinda yake hupata joto zaidi. Mvuvi wa Mombasa anapoisifu oili hiyo hasemi uongo. Sifa hizo ni za mashine yake. Kuwa na maneno "mipigo miwili" kwenye chupa hakutoshi.

Kuusoma Uwiano

Hapa ndipo lugha inapopambana na hesabu. Maandishi 50:1, 1:50 na 2% hurejelea mchanganyiko uleule: sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Mtengenezaji mmoja huanza na petroli, mwingine huanza na oili, wa tatu huandika asilimia. Asiyeelezwa hudhani kuna kanuni tatu.

Kosa la hatari zaidi ni kudhani kwamba namba ndogo humaanisha oili ndogo. Kinyume chake ndicho cha kweli. Katika 25:1 mna oili maradufu ya ile iliyomo katika 50:1. Kwa lita 1 ya petroli, uwiano wa 50:1 huhitaji mililita 20 za oili. 40:1 huhitaji mililita 25. 33:1 huhitaji mililita 30 hivi. Na 25:1 huhitaji mililita 40. Kwa lita 5, mtumiaji wa 50:1 atatia mililita 100. Kwa jerikeni ya lita 20, mililita 400.

Uwiano hautenganishwi na aina ya oili. Baadhi ya miongozo ya STIHL huelekeza 1:50 kwa oili ya kampuni hiyo na 1:25 kwa oili nyingine za daraja la TC. Husqvarna nayo, katika baadhi ya miongozo yake, hutaja 50:1 kwa oili yake na 33:1 kwa oili nyingine zifaazo injini zinazopozwa kwa hewa. Kwa hiyo, anayebadilisha chupa bila kuufungua mwongozo huenda akawa amebadilisha uwiano unaotakikana pasipo kujua.

Je, si salama basi kuzidisha oili? La hasha. Oili ikizidi, moshi huongezeka, plagi huchafuka na masizi huziba ekzosi. Aidha, nafasi iliyochukuliwa na oili ya ziada ingechukuliwa na petroli. Kabureta isiporekebishwa, injini hupata petroli pungufu kuliko ilivyokusudiwa.

Kipimo cha "kifuniko kimoja" hakifai, kwa sababu vifuniko havilingani. Chupa yenye alama za mililita, au bomba la sindano lisilo na sindano, humaliza ubishi. Oili hutiwa pamoja na sehemu ya petroli, hutikiswa, kisha petroli iliyosalia huongezwa na mtungi kutikiswa tena. Mtungi hutikiswa pia kila kabla ya kujaza tangi.

Petroli, Joto na Mwinuko

Petroli yenyewe yaweza kuwa chanzo cha madhara. Uchanganyaji haramu wa mafuta ya taa na mafuta ya magari uliifanya serikali ya Kenya kuanzisha ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Mafuta ya taa hupunguza uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, na injini ikaanza kugonga. Vilevile, mafuta yaliyochanganywa huchakaa. Yafaa kutayarisha kiasi kitakachotumika ndani ya mwezi mmoja na kukiweka kivulini katika mtungi uliofungwa, kwani joto la nyika huharakisha uvukizi.

Mwinuko nao huleta uwiano wa pili, yaani ule wa hewa na petroli, unaorekebishwa kwenye kabureta. Msumeno uliorekebishwa Wundanyi, penye milima, ukiteremshwa hadi tambarare za Kasigau hukutana na hewa nzito zaidi. Petroli huwa haba kulingana na hewa, na injini hupata joto kupita kiasi. Kuongeza oili hakutibu hali hii. Tiba ni kabureta. Mafundi husema injini "imenoki", na neno hilo moja hutumika kwa maradhi mengi. Ndiyo maana fundi mzuri huuliza kwanza ni oili gani ilitiwa, kiasi gani, na msumeno ulitoka wapi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maelekezo kamili ya kuchanganya mafuta yana nguzo nne: aina ya oili, kiasi cha oili, kiasi cha petroli, na mashine inayohusika. Ikikosekana moja, msikilizaji hulazimika kubahatisha. Kiswahili hakipungukiwi na maneno ya kueleza haya. Kinachohitajika ni sentensi isiyoacha pengo, kwa mfano: "Kwa msumeno ambao mwongozo wake unataja 50:1, changanya lita 5 za petroli na mililita 100 za oili ya mipigo miwili ya daraja la JASO FD." Mwanafunzi wa tafsiri anayeweza kuandika hivyo kwenye lebo atakuwa amemfaa mpasuaji mbao wa Rukanga au Bungule kabla hajalazimika kwenda kwa fundi.