Tuujue Ugonjwa wa Siliaki, Ugonjwa wa Wasioweza Kula Ngano

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi na chanjo za watoto. Safari hii tungependa kuzungumzia ugonjwa ambao wengi wetu hatujasikia hata jina lake. Unaitwa siliaki. Mwenye ugonjwa huu hudhuriwa na vyakula ambavyo sisi twavihesabu kuwa vya heshima: chapati, mkate, mandazi, na kila kitu kilichopikwa kwa unga wa ngano.

Wacha tuanze na tumbo lenyewe. Chakula kikishatoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo mna vijidole vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vimesimama kama nyuzi za taulo. Kazi yake ni kunyonya chakula na kukiingiza katika damu. Sasa, ndani ya ngano, shayiri na nafaka nyingine ya Ulaya iitwayo rai, mna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo hiyo inayofanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika. Mama anaposukuma chapati ikatandaa vizuri, gluteni ndiyo inayofanya kazi. Kwa watu wengi haina neno. Lakini kwa mgonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo huushambulia utumbo wenyewe. Vile vijidole vinalika na kuwa vifupi, mwishowe utumbo unabaki laini kama sakafu. Chakula kinapita tu. Mtu anakula, anashiba, na bado mwili wake una njaa.

Kwa mtoto mdogo mara nyingi mambo huanza miezi kadhaa baada ya kuonjeshwa vyakula vya ngano. Anaharisha mara kwa mara, choo ni kingi, kimepauka na kina harufu mbaya. Tumbo linafura huku mikono na makalio yakikonda. Anakuwa na hasira, hataki kucheza, na kwenye kadi ya kliniki ule mstari wa kilo unalala chini. Wazazi wanasema ni minyoo. Anapewa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, kisha ya taifodi. Majirani wanaanza kunong'ona ati ni ukimwi. Na nyanya yake, kwa huruma, anamnunulia mkate na biskuti ili apate nguvu. Kumbe ndivyo vinavyommaliza!

Kwa watu wazima ugonjwa huu hujificha zaidi. Wengine hawaharishi kabisa. Utaona mama damu yake inapungua kila mara, amemeza vidonge vya madini ya chuma mpaka amechoka, na damu haipandi. Mwingine ni uchovu usioisha, vidonda vya mdomoni, mimba kutoka, au mifupa kuwa dhaifu na kuvunjika kwa jambo dogo.

Hauambukizi. Kula sahani moja na mgonjwa hakukupi siliaki. Lakini hufuata damu ya ukoo: kati ya ndugu, wazazi na watoto wa mgonjwa, mtu mmoja kati ya kumi hivi anaweza kuwa nao. Pia huonekana zaidi kwa wenye kisukari kile cha utotoni kinachohitaji sindano za insulini. Ulimwenguni hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya mia anao, wengi bila kujua. Wasidhani watu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Kaskazini mwa India, ambako chapati ni chakula cha kila siku, unajulikana sana, na utafiti uliotangazwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 kati ya 100 wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, wakiwa nao.

Jinsi chanzo chake kilivyojulikana ni habari ya kusikitisha na ya ajabu. Huko Uholanzi kulikuwa na daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku kwamba ngano ndiyo inayowaumiza baadhi ya wagonjwa wake. Ikaja vita, na majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 njaa kali ikaingia nchini. Mkate ukakosekana, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wengi waliteseka, lakini wale wa siliaki walikuwa nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Dicke aliendelea kupima jambo hilo kwa makini na kuliandika mwaka 1950. Kabla ya hapo madaktari walijaribu mengi; katika miaka ya 1920 huko Marekani daktari mmoja aliwalisha watoto hao ndizi, nao wakapata nafuu, ingawa hakujua kwamba kilichowasaidia hasa ni kunyimwa mkate.

Hapa tuseme neno la tahadhari. Kuharisha kwingi katika vijiji vyetu kunatokana na maji machafu, minyoo na vidudu vingine, si siliaki. Hayo yashughulikiwe kwanza. Lakini mtoto akitibiwa mara ya pili na ya tatu na bado hashiki kilo, mzazi ana haki ya kumwuliza daktari, "Je, haiwezi kuwa siliaki?" Kuuliza si kumdharau daktari. Kuna kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za ugonjwa huu. Hutakipata katika zahanati. Itabidi kwenda hospitali kubwa au maabara ya mjini. Kikionyesha dalili, mara nyingi daktari huingiza mrija mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni na kuchukua kijipande cha utumbo kukiangalia kwa hadubini.

Na jambo hili tafadhali lishikeni sana: usimwachishe mgonjwa ngano kabla ya vipimo. Ukiacha kwanza, utumbo huanza kupona, kipimo hutoka safi, na pesa za nauli na maabara zimekwenda bure. Aendelee kula kama kawaida hadi daktari aseme.

Dawa ya kumeza ya kuuponya haijapatikana. Tiba ni kuacha gluteni, na kuacha huko ni kwa maisha yote. Watoto wengi huanza kuchangamka baada ya wiki chache, na kadi ya kliniki huanza kupanda. Utumbo wenyewe huchukua miezi, kwa watu wazima pengine miaka. Hapo ndipo wengi huanguka. Mtu ananenepa, anasema amepona, anarudia chapati siku ya Krismasi, halafu ya Pasaka, halafu kila Jumapili. Tunashukuru Mungu kwa nafuu hiyo, lakini nafuu imeletwa na kuacha ngano, na ngano ikirudi ugonjwa unarudi nayo.

Sasa chakula. Hapa sisi tuna bahati kuliko watu wa Ulaya, ambao mlo wao hutegemea sana mkate. Mahindi, mtama, wimbi, mchele, mihogo, viazi, nduma, ndizi, maharagwe, ndengu, mbaazi na njugu havina gluteni. Vivyo hivyo nyama, samaki, mayai, maziwa, mboga na matunda. Ugali na sukuma wiki, githeri, mukimo, matoke, wali kwa maharagwe, uji wa wimbi, pilau ya harusini: vyote mgonjwa anakula. Kwa maoni yetu hakuna haja ya kununua biskuti maalum za supamaketi ambazo bei yake inatosha unga wa wiki nzima. Afadhali pesa hizo ziende kwa omena, mayai, managu na terere, maana mwili uliokaa na njaa unahitaji kujengwa upya. Maziwa pengine yatamsumbua miezi ya kwanza, kwa sababu utumbo ulioharibika hauyayeyushi vizuri. Jaribuni kidogo kidogo. Kwa kawaida hupita.

Anayetamani kitu cha kula na chai ajifunze kwa ndugu zetu wa Pwani. Vitumbua vyao, na ule mkate wa kumimina, hupikwa kwa mchele ulioloweshwa na kusagwa, nazi, hamira, sukari na iliki. Ukinunua njiani lakini, muulize mwuzaji, maana wengine huongeza unga wa ngano.

Shida kubwa ni ngano iliyojificha. Slesi moja ya mkate ina gramu mbili hivi za gluteni, na imeonekana kwamba miligramu 50 kwa siku, yaani sehemu moja ya arobaini ya slesi hiyo, zikiliwa kila siku kwa miezi zinaweza kuuharibu utumbo tena. Ni makombo tu hayo! Kwa hivyo angalieni haya. Tambi na spageti ni ngano. Viazi karai mara nyingi huviringishwa katika unga wa ngano. Chipsi zilizokaangwa katika mafuta ya mandazi hazifai. Soseji nyingi hutiwa makombo ya mkate. Bia ya shayiri nayo ina gluteni, na vinywaji vya kimea vilevile. Unga wa uji wa mchanganyiko usomwe pakiti yake, kwa kuwa wengine hutia ngano. Hata kinu cha posho: kikisaga ngano ya jirani, mahindi yako yanatoka na unga wake. Mwombe mwenye kinu asage kwanza kilo moja au mbili za mahindi yako, hizo wapeni kuku, kisha saga ya mgonjwa. Nyumbani awe na mwiko wake, chekeche yake na sufuria yake, na siku ya chapati chakula chake kipikwe kwanza na kufunikwa.

Shule ya bweni inahitaji mipango mapema. Mzazi apeleke barua ya daktari kwa mwalimu mkuu na azungumze na mpishi mwenyewe, kwa maana barua hukaa ofisini na mpishi haioni. Asubuhi mtoto apewe uji safi na nduma au viazi badala ya mkate. Na mtoto afundishwe kujisemea, kwani wenzake watamcheka kwanza, baadaye watazoea.

Ugenini nako kuna mtihani. Kukataa chapati kwa wakwe ni kama kuwakataa wenyewe. Tumeona kwamba maneno "daktari amenikataza" husikilizwa na wazee kuliko maelezo marefu ya gluteni. Ni vizuri kutuma habari mapema, na kubeba viazi vyako katika mkoba kama akiba.

Mwisho kuna Meza ya Bwana, ambayo wagonjwa wengi huona haya kuitaja. Hostia ni ngano. Kwa Wakatoliki, barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo sana inakubaliwa. Na anayeshindwa na hiyo pia aweza kukomunika kwa divai peke yake. Makanisa mengine huruhusu mkate wa mchele au mahindi. Mgonjwa amwone padre au mchungaji kabla ya ibada, na aombe kikombe chake kando, kwa sababu katika kikombe kikubwa padre huwa ametia kipande cha hostia.