Yumo Darasani, Lakini Je, Anasoma?

Jirani yetu ana mtoto wa kiume asiyeona. Mtoto alipotimiza miaka saba, mama yake alimpeleka shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani, na mwalimu mkuu hakumkatalia. Sote tulifurahi. Si kila mlango wa shule hufunguka namna hiyo, na si kila mama hupata moyo wa kuubisha. Mtoto akashonewa sare, akanunuliwa madaftari, na kila asubuhi dada yake akawa anamshika mkono kwenda naye.

Miezi ikapita. Jioni moja mama aliyafunua madaftari yale akakuta ni meupe, hayana hata alama moja. Akamwuliza mwanawe, siku nzima unafanya nini huko? Mtoto akajibu, "Nakaa, mama. Nasikia chaki ikiandika."

Akina mama, jibu hilo lilituchoma. Mwalimu akiita majina, mtoto yupo. Somo likianza, hayupo tena. Na baada ya hapo alianza kusema tumbo linamuuma kila Jumatatu.

Ndipo tulipokumbuka habari za mtoto mwingine, wa zamani na wa mbali. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na miaka mitatu alichezea vifaa vya kutobolea ngozi katika karakana ya baba, akajichoma jicho moja. Ugonjwa ukaenea hadi jicho la pili, akawa kipofu kabisa. (Ni mama gani asiyetetemeka akisoma hayo, huku msharasi au mkasi upo mahali fulani nyumbani?)

Wazazi wake hawakumficha. Alisoma shule ya kijiji pamoja na watoto wanaoona, akawa miongoni mwa wanafunzi bora kwa kusikiliza tu. Lakini kusoma na kuandika hakuweza. Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa Paris kwenye shule ya vijana wasioona iliyoanzishwa na Valentin Haüy. Huko vitabu vilikuwepo: vikubwa, vizito, vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Msomaji alipapasa herufi moja moja polepole. Kuandika mwenyewe kwa namna ile ilikuwa karibu haiwezekani. Herufi zile zilibuniwa na watu wenye macho, nazo ziliwapendeza wenye macho.

Mwaka 1821 shule ililetewa maandishi mengine, ya askari aliyeitwa Charles Barbier. Hayo yalikuwa ya nukta zilizoinuka, na yaliweza kuandikwa kwa mkono. Wanafunzi waliona mara moja uzuri wake, na upungufu wake pia. Nukta zilifika 12 katika alama moja, hata ncha ya kidole haikutosha kuifunika. Tena ziliandika sauti tu, bila kufuata tahajia wala kuweka vituo. Barbier alikuwa anaona. Kidole kilichopaswa kusoma kilikuwa cha Louis. Basi kijana yule akashinda na karatasi na sindano kwa muda mrefu, akapunguza nukta kuwa sita, zinazoingia chini ya kidole kwa mguso mmoja. Ilipofika mwaka 1824 kazi ilikuwa imekamilika kwa sehemu kubwa, naye ana miaka 15. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1829.

Je, alishangiliwa? Wenzake walishangilia. Walimu wengi wanaoona walisita, na kwa kipindi fulani mkuu wa shule aliyakataza maandishi hayo. Wanafunzi wakaendelea kuyatumia kwa siri. Louis alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1852, na shule ikayakubali rasmi mwaka 1854. Sisi wenyewe tulijaribu kusoma nukta hizo, macho tumefumba, tukashindwa hata kuzitofautisha herufi tatu. Pengine ndiyo sababu wakubwa wale waliona ugumu kukubali kwamba mtoto anajua asichokijua mwalimu.

Hapa kwetu nukta nundu zina historia ndefu. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika, Kenya, mwaka 1946, na Kanisa la Anglikana likaanzisha ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Sheria nayo ipo: Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 ikapitisha sheria yake. Kwa hiyo mama anayekwenda shuleni kudai mtoto wake afundishwe kweli hapaswi kwenda kama mwomba msaada.

Lakini aende na nini mkononi? Jirani yetu alianza kwa jambo ambalo sisi tusingelifikiria: alimwuliza mtoto. Tulidhani atataka mashine, au kuhamia shule ya mbali. Yeye alisema, "Mwalimu aseme anachoandika." Basi. Mwalimu alipoambiwa, aliona haya kidogo, kisha akaanza kusoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Wanafunzi wa nyuma, wasioona ubao vizuri, nao wakafaidika.

Mengine yakafuata. Hesabu zikafanywa kwa vizibo vya soda. Ramani ya nchi ikatengenezwa kwa uzi wa katani uliogandishwa na gundi juu ya boksi. Mtoto mwenye ualbino katika darasa hilohilo akaruhusiwa kuvaa kofia na kusogea karibu na ubao, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Na mama ambaye mtoto wake haoni vizuri asikimbilie kusema ni kipofu. Ampeleke hospitali kwanza, maana mtoto wa jicho huwapata hata watoto wadogo na huweza kutibiwa. Mboni ikionekana nyeupe, asingoje hata wiki.

Nukta nundu mtoto alifundishwa na mwalimu wa elimu maalumu aliyekuwa akija siku chache kwa mwezi. Ana kibao chake na sindano. Hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kusoma. Daftari la kawaida halifai, kwa kuwa karatasi yake ni nyepesi na nukta hulala. Kwa hiyo mwaka ukiisha majirani tunampelekea kalenda zetu za ukutani. Desemba iliyopita alitukumbusha mwenyewe, akataka zile kubwa.