Kiswahili kimoja, vicheko viwili

Sisi wa Maniema na ndugu zetu wa Tanzania tunasema lugha yetu ni moja. Biblia tunayosoma ni ileile, na nyimbo nyingi ni zilezile. Lakini katika semina moja ya watumishi hapa Salamabila, mgeni aliyetoka upande wa Kigoma alisimama kutoa salamu. Ni mtu mchangamfu. Akasema amefurahi kuwaona "watumwa wetu wa Maniema", kwamba babu zake walituacha huku tupumzike kidogo, na sasa amekuja kutuhesabu aone kama tumetimia. Akacheka peke yake. Kanisa likanyamaza. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alichukua kofia yake akatoka nje.

Mgeni hakuwa na ubaya wowote. Alifanya kile ambacho kwao kinaitwa utani, na kwao utani ni jambo kubwa kuliko mzaha wa kupitisha wakati. Kabila na kabila huwa watani: Wangoni na Wahehe, Wanyamwezi na Wazaramo, na wengine wengi. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya watu, akachukua kofia yako akaondoka nayo, wala hukasiriki. Msibani ndiye anayewachekesha wafiwa. Anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anadai apewe pesa kabla maziko hayajaendelea, na watu wanaolia wanajikuta wanacheka. Mtu asiyejua desturi hiyo angeita polisi.

Wazee wa kule husema utani ulitokana na mambo mawili. La kwanza ni vita: watu waliopigana sana, kama Wangoni na Wahehe katika karne ya 19, walipopatana waligeuza matusi ya vita kuwa mchezo. La pili ni safari za misafara kati ya bara na pwani, ambapo mpagazi aliyekuwa mbali na ukoo wake alihitaji mtu wa kumpa maji, na wa kumzika akifa njiani. Mwingereza R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944, na miaka minne kabla yake mtaalamu Radcliffe-Brown alikuwa ameeleza kwamba mahusiano ya namna hii ni ruhusa ya kukosa heshima, ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Neno la kushika hapo ni ruhusa. Hata timu za mpira za Dar es Salaam, Simba na Yanga, huitwa watani wa jadi.

Sasa kwetu. Sisi pia tunataniana, tena sana, lakini kwa kadiri ninavyoona ruhusa yetu inatoka zaidi katika ukoo kuliko katika kabila. Babu anamwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na mtoto wa miaka sita anamjibu kwamba hataki mume asiye na meno. Shemeji na shemeji wanachokozana mchana kutwa. Lakini mbele ya mama mkwe hakuna mchezo. Unainamisha macho na kupita pembeni. Mtu wa kabila lingine, usiyemwoa wala kumwoza, hana mlango wa kuingilia. Akikutania juu ya asili yako, unasikia tusi tu.

Na tusi lenyewe lilikuwa neno gani? Hapo mgeni wetu alikanyaga mahali pabaya kuliko alivyojua. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip. Nyangwe, kwenye mto, ndiko Livingstone alikoona watu wa soko wakipigwa risasi tarehe 15 Julai 1871, wengi wao akina mama waliokuja kuuza vitu vyao. Kutoka nchi hii watu walipelekwa mashariki, wengine wamebeba pembe, wengine wamefungwa shingo. Waliobaki na kushika lugha na mavazi ya pwani walijiita Waungwana, maana yake watu huru, na ndiyo sababu Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana. Fikirini basi: mtu anakuja na lugha ambayo jina lake kwetu ni lugha ya watu huru, na ndani ya lugha hiyohiyo anatuita watumwa. Kwa mtani wa Kigoma neno hilo limelambwa na vicheko vya miaka mingi hadi makali yake yamekwisha. Huku makali bado yapo.

Jambo hili halitupati sisi peke yetu. Waingereza na Wamarekani nao wanasema lugha moja, na Waingereza wana tabia ya kupunguza maneno: jambo likiwa baya sana, wanasema ni gumu kidogo, na msikilizaji wa kwao anaelewa. Katika vita vya Korea, Aprili 1951, kikosi cha Waingereza cha Gloucestershire kilizungukwa na jeshi kubwa la Wachina kwenye mto Imjin. Inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi yao, Brodie, alipoulizwa na jenerali Mmarekani hali ikoje, alijibu kwa desturi ya kwao kwamba mambo yamekuwa magumu kidogo. Mmarekani akaelewa kama alivyosikia: kidogo. Kikosi hakikuondolewa kwa wakati, na mamia walikufa au kutekwa. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekosa neno la lugha.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni mimbarani. Biblia imejaa maneno ya kinaya, yaani maneno yanayosema hivi na kumaanisha kinyume chake, na karatasi haina sauti. Eliya kwenye mlima Karmeli anawashauri manabii wa Baali wapaze sauti zaidi kwa sababu huenda mungu wao amelala (1 Wafalme 18:27). Hapo hakuna anayekosea. Amosi anawaita watu waende Betheli wakatende dhambi (Amosi 4:4), kidogo tunasita. Lakini katika 1 Wakorintho 4:8 Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wamekwisha kushiba, wamekwisha kuwa matajiri, wanatawala kama wafalme. Anawakejeli. Mstari unaofuata anasema mitume wenyewe wako kama watu waliohukumiwa kufa, na zaidi kidogo anasema wana njaa na kiu na hawana makao. Nami nimesikia mstari huo wa nane ukihubiriwa kuwa ahadi: pokea, umekwisha kuwa tajiri! Na mahali pa dhahabu kama hapa, ahadi ya namna hiyo inasikilizwa vizuri sana. Kijana anauza mbuzi wa mama yake, ananunua vifaa, anateremka shimoni akiamini Paulo amemwahidia. Paulo alikuwa anacheka kwa uchungu, sisi tukasema amina.

Anayesoma Neno mbele ya watu asome basi na mistari iliyo kabla na iliyo baada, na asitegemee kwamba sauti yake peke yake itaonyesha kejeli. Na anayehubiri Salamabila ajue ni nani walio mbele yake. Machimbo ya Namoya yameleta watu kutoka Kivu, kutoka Tanganyika na kwingine. Humo kanisani wamo Wabangubangu, Wabembe, Wabuyu, Wakusu, Wazimba. Miaka ya bunduki imepita juu yetu, watu wamekimbia nyumba zao na kurudi. Neno "mwenyeji" na neno "wakuja" hapa yamewahi kutangulia mapanga. Mchekeshaji anayecheza na maneno hayo ajiulize kwanza kama yule anayetajwa amempa ruhusa. Sisemi watu wasicheke. Kanisa lisilocheka kabisa nalo linanitia wasiwasi.

Kuhusu mgeni wetu: jioni mchungaji wa hapa alikwenda kukaa naye na kumweleza taratibu. Alishtuka sana. Akasema nyanya yake mzaa mama alikuwa Mmanyema wa Ujiji, na ndiyo maana alijiona ana haki. Alikuwa anatania nyumbani. Kesho yake alisimama tena, akaomba msamaha bila kujitetea, kisha akataja habari za nyanya yake. Watu wakaguna kwa namna nyingine. Yule mzee wa kofia hakuwepo, akaenda kumtafuta nyumbani kwake.

Wakati wa chakula mama mmoja mzee sana, anayetembea kwa fimbo, alimwendea akamshika mkono. "Kumbe wewe ni mtoto wa huku," akamwambia. "Basi mimi ni bibi yako." Kwao bibi ni nyanya, mgeni akainama kumwamkia kwa heshima. Huku kwetu bibi ni mke, na akina mama wote waliokuwa jikoni walikuwa wameanza kupiga vigelegele na kumwuliza mahari ataleta lini.