Informatiki: visanduku 12 vinajazwa, kompyuta inashika kimoja tu

Tuseme kituo cha afya kiko na aina 12 za dawa. Kijana wa informatiki anaandikia muuguzi programu ndogo kwa Python, akitumia tkinter, chombo cha kutengeneza madirisha chenye kufanya kazi hata bila intaneti. Kila dawa inapata kisanduku cha kuandikia hesabu iliyobaki. Muuguzi anajaza vyote, anafinya kitufe cha kuhifadhi. Kesho yake, dawa moja tu ndiyo iko na hesabu: ile ya mwisho.

Shida inatoka wapi? Visanduku havikuandikwa kimoja kimoja. Programu inavitengeneza yenyewe, ikifuata orodha ya dawa, na kila kimoja inakipa jina lile lile: «kisanduku». Jina moja linashika kitu kimoja tu. Cha pili kinapokuja, jina linaacha cha kwanza. Vyote vinabaki kwenye ekrani, kwani dirisha lenyewe linavishikilia. Ndiyo maana macho yanadanganyika. Lakini programu imebaki na njia ya kufikia kile cha mwisho peke yake.

Kwa hiyo ni lazima kuvikusanya mahali pamoja. Njia ya kwanza ni listi, inayopanga vitu kwa namba. Inatosha kama mpangilio haubadiliki. Lakini ukitoa cha tatu, cha nne kinachukua nafasi yake, na hesabu ya dawa moja inaweza kuandikiwa nyingine.

Njia iliyo salama zaidi ni kamusi: kila kisanduku kinakaa chini ya jina la dawa yake.

visanduku[dawa] = tk.Entry(dirisha)
visanduku[dawa].pack()

Mistari hiyo ibaki miwili. Ukibandika pack() mwishoni mwa ule wa kwanza, kamusi inashika None, yaani hakuna kitu, hata kama kisanduku kinaonekana.

Wakati wa kuhifadhi, programu inapita jina kwa jina na kusoma kila hesabu kwa get(). Dawa ikiondolewa, kisanduku kifutwe pande zote mbili: kwenye ekrani kwa destroy(), ndani ya kamusi kwa del. Ukisahau kamusi, programu itajaribu kusoma kisanduku kisichokuwapo, itagonga kosa, na dawa zinazofuata hazitasomwa.

Mbele ya kumpa muuguzi programu, andika namba tofauti katika kila kisanduku, hifadhi, kisha linganisha moja kwa moja. Dakika tano zinatosha kujua kama hesabu ya dawa ni ya kweli.