Hedifoni za bei kubwa: Namna sikio linavyoweza kukudanganya

Na Mwandishi Wetu

MTEJA anaingia dukani akiwa na fedha alizozikusanya kwa miezi kadhaa. Mbele yake zimewekwa hedifoni mbili za kampuni moja, zenye umbo linalofanana. Anavaa ya kwanza na kusikiliza, kisha anavaa ya pili. Baada ya dakika tano anatamka hukumu: "Hii ya pili ndiyo bora." Analipa na kuondoka.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Si lazima. Hedifoni za daraja la juu huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani, na zinapofanana sana, ni rahisi mno kuona tofauti isiyokuwapo au kukosa kuiona iliyopo.

Mfano mzuri ni ndugu wawili waliozaliwa katika kampuni ya Sennheiser, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1945. Wa kwanza ni HD 600, iliyoingia sokoni mwaka 1997. Wa pili ni HD 650, iliyofuata mwaka 2003. Zote mbili zina ukinzani wa omu 300, na zote ni za aina ya wazi, yaani nyuma ya kila kikombe cha sikio kuna wavu unaopitisha hewa na sauti. Kwa sababu hiyo hazifai kuvaliwa ndani ya daladala: abiria wa jirani atausikia muziki wako, nawe utazisikia kelele zake.

Wapenzi wa muziki wamebishana juu ya ndugu hawa kwa zaidi ya miaka 20. Kwa ujumla HD 650 huonekana kuwa na sauti nzito na laini kidogo, hasa katika sehemu ya juu ya besi. HD 600 nayo husogeza mbele kidogo sauti za waimbaji na kuonyesha wazi zaidi ukali wa vyombo. Kwa mpenzi wa taarab, HD 600 itaelekea kuipa nafasi fidla na mlio wa nyuzi za kanuni, ilhali HD 650 itaelekea kulipa uzito zaidi gitaa la besi. Hata hivyo, tofauti hiyo ni ndogo, na hapo ndipo mitego inapoanza.

Mtego wa ukubwa wa sauti

Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Sauti inapokuwa ndogo, besi hupungua masikioni kuliko sauti za kati. Sauti ikiongezwa, besi nayo hujaa.

Maana yake ni kwamba hedifoni inayolia kwa nguvu zaidi kidogo tu huonekana kuwa na sauti pana na iliyojaa, ingawa ubora wake ni uleule. Tofauti ya desibeli moja yaweza kutosha kumpotosha msikilizaji, naye asijue kuwa alichokipenda ni nguvu ya sauti, si ubora wake.

Hatari huongezeka pale ukinzani unapotofautiana. HD 660 S, iliyotoka mwaka 2017, ina omu 150, nusu ya zile za ndugu zake. Ukiichomeka kwenye simu bila kugusa kitufe cha sauti, yaweza kulia kwa nguvu kuliko HD 600. Mteja atadhani amegundua hedifoni bora, kumbe simu ndiyo iliyoshindwa kuisukuma ile nyingine ipasavyo. Hedifoni za omu 300 hustahili amplifaya yenye volti za kutosha.

Mtego wa kumbukumbu na macho

Kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo ya sauti hudumu sekunde chache tu. Kuvua hedifoni moja na kuvaa nyingine huchukua muda mrefu kuliko huo, hivyo msikilizaji hulinganisha anachokisikia sasa na kile anachodhani alikisikia.

Macho nayo hayako nyuma. Anayejua bei huipendelea ile ghali. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa hedifoni 283 na kubaini kuwa bei haikuwa na uhusiano wa maana na namna hedifoni inavyogawa sauti nene na nyembamba.

Kumfunga msikilizaji macho pekee hakutoshi, kwa kuwa uzito na mguso wa sponji humfichulia alichovaa. Ndiyo maana mwaka 2013 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman walieleza njia ya kuigiza sauti za hedifoni mbalimbali kupitia hedifoni moja tu, ili mguso usiwe shahidi.

Sponji pia huchangia. Zikichakaa hubonyea, spika husogea karibu na sikio, na sauti hubadilika. Kulinganisha HD 600 iliyotumika miaka mitano na HD 650 mpya ni kulinganisha sponji kuukuu na sponji mpya.

Namna ya kulinganisha

Kwanza, tumia chombo kimoja cha kuchezea muziki, amplifaya moja na nyimbo unazozijua vema. Pili, sawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kutoa hukumu. Kama huna kipimo, shusha sauti ya ile inayolia zaidi mpaka zikaribiane. Tatu, rudia kipande kifupi kilekile cha wimbo badala ya wimbo mzima. Nne, ziweke masikioni kwa namna ileile, kwani hata kuzisogeza kidogo hubadilisha sauti nyembamba. Tano, rudi siku nyingine uone kama hukumu yako imesimama.

Ikiwa baada ya hayo yote huoni tofauti, usijilaumu. Chagua ile inayokukaa vizuri kichwani na ambayo sponji na waya wake vinapatikana kwa urahisi.

La mwisho ni afya. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kwa kila desibeli tatu zinazoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 94, basi, inabaki saa moja tu. Hedifoni nzuri haina mikwaruzo ya kumtahadharisha msikilizaji, naye huendelea kuongeza sauti bila kuhisi. Sponji na waya vikiharibika, vipya hununuliwa dukani. Sikio likiharibika, hakuna duka liuzalo jingine.