Njia na Nyayo: GPS ya Pikipiki na Safari Inayoanzia Nyumbani

Kioo cha GPS kilizimika nilipofika Ruaha Mbuyuni, saa nane mchana, kabla sijaanza kuupanda mlima Kitonga. Tangu Morogoro kifaa hicho kilikuwa kwenye waya wa chaji, na bado kilikata roho. Fundi mmoja wa kijiweni alinyanyua kiti cha pikipiki, akagusa waya mwekundu kwa ncha ya kidole, ukachomoka. Ulikuwa umesokotwa tu kwenye terminali ya betri, haukubanwa na skrubu. Mtikisiko wa barabara ulikuwa umeulegeza kidogo kidogo mpaka ukabaki unagusa na kuachia.

Alipoubana, kioo kiliwaka. Ndipo nilipoona kosa la pili. Jioni mbili nzima nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nikichora njia ya vumbi inayopita kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Kifaa kilinionyesha lami tupu, kutoka Iringa hadi Mafinga, kisha moja kwa moja hadi Makambako. Njia yangu ilikuwa imebadilishwa bila mimi kuulizwa.

Waya ule na faili ile vilinifundisha jambo moja: GPS ya pikipiki huhitaji kulishwa umeme na kulishwa njia, na vyote viwili huharibikia nyumbani, kabla injini haijawashwa.

Setilaiti zinavyofanya kazi

Tukipotea, wengi wetu hulaumu setilaiti. Mfumo wa GPS wa Marekani, uliokamilika mwaka 1995, una setilaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia zikiwa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi kilicho kwenye usukani hakitumi chochote huko juu. Husikiliza, kikapima kila ishara imechukua muda gani kufika, na kwa ishara za setilaiti 4 kikajua kilipo. Ishara hizo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Ndiyo sababu kila setilaiti imebeba saa za atomu.

Kazi hiyo haihitaji mnara wa simu wala bando. Kinachohitaji bando ni ramani, ikiwa hukuipakua mapema.

Hesabu ya umeme

Kifaa cha GPS, au simu iliyogeuzwa GPS, huchaji kwa volti 5. Kioo kikiwa kimeongezwa mwanga ili kisomeke juani, tukadirie ampea 2. Zidisha: wati 10. Betri ya pikipiki ni ya volti 12, na injini ikizunguka vizuri alteneta huipandisha hadi volti 14 hivi. Lazima basi volti hizo zishushwe.

Njia ya kizamani ilikuwa kuzigeuza volti za ziada kuwa joto. Kushusha kutoka 12 hadi 5 ni kutupa volti 7, na kwa ampea 2 hizo ni wati 14 za joto, nyingi kuliko umeme unaofika kwenye kifaa chenyewe. Chaja za kisasa hufanya kazi nyingine: huukata umeme na kuuachia maelfu ya mara kwa sekunde, huku koili na kapasita zikiusawazisha mpaka utoke volti 5 tulivu. Hapo, ili kifaa kipate wati 10, betri hutoa wati 12 hivi, yaani ampea 1.

Kwa pikipiki kubwa ya masafa, ampea 1 si kitu. Kwa pikipiki ndogo zilizojaa barabarani kwetu, ambazo betri yake huwa ya ampea-saa chache, tuseme 5, ni hesabu ya kuangaliwa. Ukiacha kifaa kinakula chaji huku injini imezimwa, saa mbili tatu zinaweza kukunyima starta. Tena chaja iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri huendelea kunywa umeme hata kama hujachomeka kitu. Ikinywa miliampea 10 tu, kwa siku 20 imemaliza ampea-saa 4.8, karibu betri nzima. Dawa yake ni kuupitisha waya wa chaja kwenye swichi ya ufunguo, au kwenye rilei inayowashwa na swichi hiyo. Ukichomoa ufunguo, kila kitu kinalala.

Kuna fyuzi pia, na hapa nasisitiza. Nyaya za betri hiyo ndogo zikigusana, inaweza kutoa makumi ya ampea, za kutosha kuyeyusha plastiki ya waya uliopita chini ya tanki la petroli. Fyuzi ya ampea 3 inatosha kwa kazi hii, na mahali pake ni karibu kabisa na terminali chanya. Fundi akiiweka mwisho wa waya, jirani na chaja, waya wote ulio kabla yake hauna mlinzi.

Mwenye kutumia simu ajue na hili: mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki, ukipitia kwenye usukani, unaweza kudhoofisha mitambo inayotuliza kamera. Kishikio chenye raba za kupunguza mtikisiko si pambo.

Njia si nyayo

Sasa tuje kwenye faili. Vifaa vingi hubadilishana njia kwa faili za GPX, muundo uliotolewa mwaka 2002. Ukiifungua faili hiyo kwa programu ya kuandikia utakuta maandishi ya kawaida, kila nukta ikiwa na namba mbili. Iringa mjini, kwa mfano, ni latitudo -7.77 na longitudo 35.69. Alama ile ya kutoa inasema tuko kusini mwa ikweta. Ifute kwa bahati mbaya, na Iringa yako imehamia kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Faili moja inaweza kubeba vitu vya aina tatu. Cha kwanza ni alama ya mahali pamoja, kama kituo cha mafuta. Cha pili ni njia: nukta chache zilizopangwa kwa mfuatano. Cha tatu ni nyayo: mamia au maelfu ya nukta zinazofuata kila kona.

Tofauti ya hivi viwili vya mwisho ndiyo iliyoniponza. Njia ni kama kumwambia mgeni, "Pita Mafinga, halafu nenda Makambako." Atafika huko kwa barabara anazozijua yeye. Nyayo ni kumtangulia na kumwachia alama za miguu mchangani. Ramani ya kompyuta yangu ilikuwa na barabara za vumbi za Mufindi, ramani ya kifaa haikuwa nazo, na kifaa kilikuwa kimepangwa kutafuta barabara ya haraka zaidi. Nilipokitumia njia, kilichukua nukta zangu chache na kupiga hesabu upya.

Kwa hiyo hamisha vyote viwili. Njia itakupa maelekezo ya kona kwa kona, na nyayo zitabaki kwenye kioo kama mstari usiobadilika wa kulinganisha. Weka ramani ileile kwenye kompyuta na kwenye kifaa, ongeza nukta kila penye njia panda, na zima kipengele cha kupiga hesabu upya.

Katika kuhamisha, anza kwa kuikagua kebo. Kebo ya kawaida ya USB ina nyaya mbili za umeme na mbili za taarifa, lakini zipo za bei rahisi zenye nyaya za umeme peke yake. Kifaa kitachaji, kompyuta haitakiona, nawe utahangaika usiku kucha ukidhani kimekufa. Kebo ikiwa nzima, nakili faili kwenye folda ya GPX ya kifaa, kisha uiingize njia kwenye orodha ya safari, kwa maana katika vifaa vingi kunakili peke yake hakutoshi. Vifaa vipya hupokea faili kwa Bluetooth kutoka kwenye simu.

Jioni ya kuamkia safari, washa pikipiki uani. Tikisa kila waya kwa mkono na uangalie kama alama ya chaji inapotea. Fungua njia kwenye kifaa, isogeze kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na ulinganishe na mstari wa nyayo. Robo saa inatosha. Ifanye ukiwa bado kwako, penye taa, kompyuta na bisibisi.